Kiwavi Niliyemmeza

Ushetu, Jumanne mchana

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo. Assalamu alaikum wewe, shemeji na Amira. Naomba Mungu barua iwakute mkiwa wazima hapo Shinyanga. Mimi nilikuwa mzima mpaka asubuhi. Sasa mwandiko umeharibika, usije ukasema ni kwa sababu niliikimbia shule.

Kazi yangu unaijua, kumtembeza porini Klara, yule mtafiti wa wadudu. Nilimtambia kuwa Ushetu hakuna mdudu nisiyemjua mpaka ukoo wake. Basi leo akakatiza mmoja, mbawa nyeusi, madoa mekundu, anaruka polepole kama bibi harusi. Nikatamka kwa madaha kuwa ni kipepeo. Klara akacheka, akaniambia nitazame papasi, vile vinyuzi viwili vya kichwani. Za kipepeo zina kirungu nchani kama njiti ya kiberiti. Za huyu zina meno kama kitana. Kumbe ni nondo, ila wa mchana! Viwavi wake tukawakuta kwenye majani, wanene, manjano na madoa meusi, wala hawajifichi.

Kile kicheko kiliniuma, dada. Alipoinama kupiga picha, nikamtia kiwavi mmoja mdomoni mwangu, akiinuka anikute natafuna, akome kunicheka. Mla kumbikumbi mimi nitashindwa na kiwavi? Mchungu kuliko mwarobaini! Nikameza kiume. Klara, bado kainama, akasema hawajifichi kwa sababu miilini mwao mna sianidi.

Sianidi, dada! Sumu ile ile ya plenti ya kuchenjulia dhahabu niliyofanyia kazi Geita. Nilimwona kwa macho yangu ng'ombe wa jirani yetu Masalu alivyokunywa maji ya bwawa la plenti. Hata zizini hakufika.

Nikauliza, sauti kama ya kuazima, kuku akimla itakuwaje. Akajibu kuku ana akili, humtema.

Sasa nakwambia wewe peke yako: Klara hajui. Nimemdanganya tumbo linaniendesha, nimejibanza nyuma ya bani la kukaushia tumbaku nakuandikia. Ulimi una ganzi, au ni woga, sijui. Kinachonizuia kusema ni kicheko chake tu. Lakini nikifa hapa, si ndiyo watacheka Ushetu nzima? Naikunja barua, naenda kumwambia.

Msalimie shemeji, mpakate Amira kwa niaba yangu. Ijumaa nilipanga kuja. Barua hii nikikupa kwa mkono wangu, nicheke mpaka uchoke. Akikuletea mtu mwingine, usicheke.

Mdogo wako, asiye na akili ya kuku,
Abdulwahab