Pepeta Imekubali

Jumatano, jua limeanza kushuka. Ukungu haujaondoka juu ya milima ya Matombo tangu asubuhi, na kuni zangu zinatoa moshi mwingi kuliko moto.

Leo nimefanikiwa. Natamani ningeshindwa.

Niliapa kwamba humu daftarini sitaandika habari za kaka yangu Kosmas, lakini moyo umejaa na sina pa kuutua. Kosmas yuko msituni, juu ya mashamba yetu, huu mwezi wa pili. Wajerumani wanapigana na Waingereza, na akida wao anakusanya wanaume wa kuwabebea mizigo ya vita. Waliochukuliwa hapa kijijini mwaka jana hajarudi hata mmoja.

Huko aliko hawezi kuwasha moto, maana moshi utamtaja. Anahitaji chakula kinacholiwa kikavu, kisichooza kwa unyevu wa mlimani. Ndiyo maana nikaanza kuhangaika na pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, nikiichanganya na karanga, ufuta, ndizi kavu na asali.

Mara ya kwanza nilitia asali chungu kikiwa bado motoni, yote ikaungua. Mara ya pili ndizi hazikukauka vizuri, siku ya tatu zikaota kuvu. Tumekubaliana na Kosmas kwamba akisikia harufu ya ufuta unaokaangwa, jioni ashuke mpaka mgombani, karibu na kijito, achukue kibuyu chake. Siku ile ya kwanza alisikia harufu ya kuungua, akajua hakuna kitu, akabaki huko huko. Tulipokutana baadaye alinicheka mpaka nikamnunia.

Leo sikuharakisha. Nilikaanga mpunga mchanga, nikautwanga ungali wa moto mpaka punje zikalala bapa, nikapeta makapi. Nikakaanga karanga peke yake, ufuta peke yake. Ndizi zilikuwa zimekaa juani siku sita. Asali niliichemsha yenyewe, nikaimimina baada ya kuepua chungu, kisha nikatandaza vyote kwenye ungo juu ya majani ya mgomba. Ilipopoa nikavunja kipande. Kikavu kau! Nilikitafuna peke yangu huku nikicheka kwa sauti.

Hapo ndipo Mzee Sefu akatokea na askari wawili. Yeye ndiye mtu wa akida, anayezunguka milimani kutafuta wapagazi.

Kwetu mtu akikukuta jikoni lazima umwonjeshe. Kumnyima ni aibu, tena kungemtia shaka. Lakini pembeni palikuwa na pepeta isiyotiwa kitu, ile ya kila siku. Ningempa hiyo, mambo yangeishia hapo. Nilimpa ya asali.

Ngoja niseme ukweli. Nilitaka kusifiwa.

Nilimwamkia shikamoo, nikamjazia kiganja. Alitafuna polepole, akalamba vidole, akautazama ungo wote.

"Umeweza, binti," alisema. "Hii hata mwezi itakaa. Nani anasafiri?"

"Hakuna, mzee. Ni ya kula mimi na mama."

Mama yangu hana jino hata moja kinywani, na Mzee Sefu anamjua tangu ujana wao.

Hakubisha. Aliomba maji, akanywa, akaaga vizuri kabisa. Lakini hakurudi kwa njia ya kijijini. Alishuka kijitoni akaketi juu ya jiwe, na askari wake wakaingia mgombani. Mpaka sasa hawajatoka.

Nimekaa mlangoni nikimwangalia. Ufuta umeshanukia mlima mzima, na Kosmas hukaa akiungoja kwa hamu. Siwezi kumfuata, maana njia ya msituni inaanzia pale pale alipoketi yule mzee. Nikipiga kelele, nitakuwa nimemwambia Mzee Sefu kila kitu.

Kwa hiyo nimeirudisha yote motoni. Ungo mzima, pamoja na asali niliyoihifadhi tangu kiangazi. Niliona inavyobadilika rangi, nikazidi kuchochea mpaka ikawa mkaa. Nililia, na nashukuru kwamba moshi ulinipa kisingizio.

Mzee Sefu akapaza sauti kutoka kijitoni: "Binti, chakula chako kinaungua!"

"Ndiyo, mzee. Nimezubaa."

 Ananiona naandika, labda anadhani ni masomo ya misheni. Hajanyanyuka.

Mwanzoni moshi ulipanda vizuri kuelekea msituni. Sasa upepo umegeuka, unaupeleka bondeni. Sijui kama ulifika kwanza au uligeuzwa njiani.

Jua limeingia nyuma ya mlima. Hii ndiyo saa yake ya kushuka.

Kaka, umeisikia harufu? Nicheke basi. Nicheke mpaka ninune, ila nicheke ukiwa huko huko juu.