Musalaba Nyekundu kwa Avoka

Tantine Solange,

Walisema walikuona Mahagi, basi natuma huku. Siye tuko muzima. Maharagi yako imekomaa, kuku zako nazilisha.

Ile musalaba nyekundu kwa avoka yako, ni siye tulipaka, siye wenye kujitolea kutumika bure mu komite ya kuchunga miti ya mutaa wetu wa Saio. Tulitaka kusema: huu muti usikatwe. Hatukukumbuka kama mu vita waliweka alama vile kwa nyumba ya watu wa kuuawa. Asubui tulikuta mulango wako wazi, umeshakimbia, sufuria ya sombe ingali kwa moto.

Tulifuta alama zote, ili urudi bila woga. Kesho yake vijana walikata avoka, wakachoma makala ya kupikia. "Haina alama," walisema.

Kuku zako zilizoea kulala mule juu. Sasa jioni zinazunguka kisiki, hazijui pa kulala.

Na weye, Tantine, unalala wapi?

Mutoto wa kaka yako,
Elysée