Mto Umemfikia Bibi Yako

Kangerlussuaq, Agosti

Mpendwa Naasunnguaq,

Mjomba wako mzima, ila nimechoka. Watafiti wa barafu hawarushi droni bila mimi. Nikiipigia mluzi inarudi kama mbwa wangu. Bwawa la barafu lilipopasuka na maji kufurika mtoni, wimbi liliruka kuidaka, nikalipiga chenga.

Jana tulikuwa tunatazama picha. Karla, mkubwa wao, akauliza, "Mawe haya yaliyopangwa ukingoni mwa mto ni nini, mzee?"

Ni kaburi la mama yangu, bibi yako. Mafuriko yameula ukingo mpaka miguuni pake, na yajayo yatamchukua.

Wewe ndiye uliyepewa jina lake, na kwetu mwenye jina ndiye mwenye neno. Nimhamishie mlimani, au nimwache? Bila ruhusa yako sigusi jiwe. Nijibu upesi, mama.

Mwanao, Inooraq