Filimbi moja, hatari mbili

Salomon, mambo ya asubui hii hapa Beni inachokesha.

Mama Kyakimwa aliona muto inapanda mbio. Akapiga filimbi, ile ya kuonya bauaji banakuja. Filimbi ingine ya kuonya maji haiko.

Batu bote bakakimbia kujificha mu shamba ya ndizi, kandokando ya muto. Ndiko tunajifichaka siku zote. Kandokando ya muto, Salomon.

Akabafuata: "Mupande juu. Ni maji, hapana bauaji."

Bakamujibu: "Nyamaza, mama, batatusikia."

Maji ilifika mu magoti ndio bakaamini.

Sasa shefu wa kartié, mukubwa wa mutaa yetu, amemunyanganya filimbi, eti alidanganya batu.

Mama akamuuliza: "Na filimbi ya maji iko wapi, shefu?"

"Programu ya kuonya maji ingali ku biro ya serikali."

Mvua ingali inanyesha. Mama ameshika sufuria, aipige maji ikipanda tena. Lakini sufuria nayo tunapigaka kwa kuonya bauaji.