Gaudence, Uliyeambiwa Umri Wako Bado

Mwaka umetimia, Gaudence Kinunda, tangu asubuhi ile ya Machi 1997 ulipoweka jembe chini katikati ya ngoro, mashimo yetu ya kilimo cha mlimani, ukasema unapumzika kidogo. Hukuinuka tena.

Walipokuja wanunuzi binafsi wa kahawa ukawa karani wao wa mzani. Wenzako waliegemea mzani ili kumpunja mkulima. Wewe ulisimama mbali, mikono nyuma, mpaka mkulima asome mwenyewe. Ukishuka ziwani Kihagara hukurudi bila usipa, dagaa wa kuwagawia majirani. Na mezani ulikuwa mwongo wa sahani: ya tatu uliiita ya pili.

Februari kifua kilikubana, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mganga wa zahanati alikupokea vizuri, akakupima presha, akafungua mwongozo wake. Wa kuchunguzwa moyo ni mwenye miaka arobaini na zaidi, mnene au mvuta sigara. Wewe ulikuwa na thelathini na minne, mwembamba, sigara hukuijua.

“Umri wako bado, bwana. Huo ni msuli,” alisema.

Tulifurahi. Msimu wa ngoro nani haumwi bega? Mimi mkeo nilikukanda kwa maji ya moto, nikakuruhusu urudi shambani. Hilo linanitesa.

Mwongozo haukuuliza habari za baba yako. Mzee Mansuetus alianguka ghafla akiwa na miaka thelathini na minane, nasi tulizoea kusema alirogwa. Hatukumwambia mganga.

Sasa tunaogopa, Gaudence. Mdogo wako Tarsisi, mwenye miaka thelathini na mmoja, ndiye anayetulimia. Wiki iliyopita nilimwona amesimama, anajishika kifua. Nikamwita mama yako.

“Shemeji, ni bega tu,” alisema.

Mama alimjibu, “Na kaka yako lilikuwa bega. Baba yako je?”

Jumatatu tunampeleka hospitali ya mkoa. Mama anakwenda naye, na habari za baba atazisema yeye, wamuulize wasimuulize.

Unakumbukwa na mama yako Gertruda, mkeo Ottilia, wanao Lidia na Frederick, ndugu wote wa Mbinga na Ngumbo, na mdogo wako Tarsisi. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.

Jina la Tarsisi tumeliandika mwisho. Tunamwomba Mungu mwakani tuliandike hapahapa, kati ya wanaokumbuka.