Paka Aliyekuwa Akipunguziwa Mkia

Baba Wino, mwaka umekatika tangu utuache, na karakana yako bado inanuka wino na rangi.

Watu wa mtaani wanakukumbuka kwa mabango ya maduka na kadi za harusi ulizoziandika kwa kalamu ya mwanzi, herufi zimepinda kwa madaha. Sisi wa nyumbani tunawakumbuka zaidi wanyama wako. Ulilichukua neno, ukalivuta huku, ukalikunja kule, mpaka "samaki" akawa samaki kweli, na mapezi yake. Kalamu uliifuta kwenye mkono wa shati, kisha ukaapa kwamba si wewe.

Wengi hawajui kwamba wanyama wale walianza kwa ajili ya Mama. Hakupelekwa shule, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Akipewa karatasi hospitalini alisema amesahau miwani nyumbani, naye hajawahi kuwa na miwani. Ukaona umfundishe kwa picha, asione haya.

Siku moja ulimwekea mbele neno "beberu", tumbo lake ni b na pembe zake ni u. Akajibu bila wasiwasi, "Mbuzi."

"Soma herufi, mama watoto."

"Mbuzi huyo. Kwani mimi sina macho?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe siku zote hizo alikuwa hasomi, anatazama tu. Wewe ulisema, "Aliyefeli hapa ni mwalimu," ukaanza upya. Kila wiki ulimchorea paka yuleyule kwa neno lilelile, ukimpunguzia umbo kidogo kidogo. Sharubu zikatoka, masikio ya k yakashuka, ili mwishowe zibaki herufi tupu zilizosimama wima. Ulituacha paka akiwa bado na mkia.

Mama aliumia mara mbili. "Mwalimu wangu kaondoka," alituambia, "nami nimebaki njiani." Tuliogopa kwamba ataacha kabisa. Lakini baada ya muda akawa anashinda karakanani asubuhi, nasi tukidhani anafagia. Kumbe ameshika kalamu yako, anamkata paka mkia mwenyewe! Alipommaliza paka akamgeukia samaki, kisha beberu. Wino humwagika, ila maneno yanasomeka, na tunamwonea fahari kuliko tunavyoweza kusema.

Wiki hii tuliandika rasimu ya tangazo hili la kumbukumbu, herufi tupu bila picha, tukampa. Alilisoma lote, kidole chini ya kila neno, nasi tukikifuata kidole kwa macho utadhani ni sisi tuliokuwa kwenye mtihani. Alipofika mwishoni, tunapotajwa tunaokukumbuka, kidole kikasimama. Tulikuwa tumeandika "mjane wako".

"Hapa mmekosea," alisema. "Futeni. Andikeni mke."

Tumefuta, Baba. Unakumbukwa na dada yako, na mwanao fundi umeme, na binti yako mshonaji na mumewe, na wajukuu wako wote, hata yule mdogo ambaye hukuwahi kumbeba. Na unakumbukwa na mkeo.

Daima, Baba Wino, tutakukumbuka.