Kituo cha Katoni ya Sabuni

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri. Viatu vyangu havijakauka tangu juzi.

Kuna jambo sikuwahi kumwambia mtu yeyote hadi leo asubuhi. Jibu la mwisho alilopata Somoe halikutoka Dar es Salaam. Nililiandika mimi.

Kaka Damiani anafanya kazi huko, kwenye ofisi yenye kompyuta. Mwaka jana aliniandikia kwamba si lazima uwe karibu nayo ili uitumie. Upande wa pili wa mji kuna kituo, mashine inayosoma kadi zenye matundu na kuzituma kwa waya wa simu. Kisha inatulia mpaka majibu yarudi, ndipo inayachapa. Yenyewe haijui hesabu hata moja.

Barua ile niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kompyuta haikunivutia sana. Nilikipenda kile kituo kinachokaa mbali na kungoja.

Basi nikaunda changu. Katoni ya sabuni, tundu moja la kuingizia kadi, jingine la kutolea majibu. Kadi nilikata kutoka majalada ya madaftari ya zamani. Kazi kubwa ilikuwa kanuni, kurasa sita, ili yeyote atakayekaa nyuma ya katoni afanye kama kituo kinavyofanya. Kadi isiyo na jina irudishwe. Jibu lisipofika, andika NGOJA. Usicheke. Usibuni jibu.

Mtumaji wangu ni mmoja tu, Somoe, ambaye tuko naye darasa moja tangu kidato cha kwanza. Anakaa Magomeni ya hapa kwetu kusini, si ile ya Dar es Salaam, kwa shangazi yake. Kila Jumamosi huja kwetu, na hupiga hodi kwenye katoni kabla ya kuingiza kadi. Nampenda kwa hilo. Kadi zake nilizitia kwenye bahasha nikampelekea Kaka, na majibu yalirudi kwa herufi kubwa kama za mashine.

Masika ilipoanza, barabara ikakatika na barua zikakoma. Jumamosi tatu nilimpa Somoe NGOJA. Ya nne akaiuliza katoni, kwa upole kabisa, kama mashine imetuchoka sisi watu wa kusini.

Nikashindwa kuandika NGOJA tena.

Swali la kwenye kadi yake lilikuwa hili: mstari una mikorosho kumi na minane, kutoka mti hadi mti ni hatua kumi na mbili. Kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho ni hatua ngapi? Nikazidisha, nikaandika 216 kwa herufi za Kaka. Somoe alikuwa amepata 204. Hakubisha. Wiki nzima alitafuta kosa lake.

Jumatano tulipalilia shamba la shule. Nikautembea mstari mmoja nikihesabu. Miti kumi na minane ina nafasi kumi na saba katikati. Nilisimama pale na jembe langu, uso unawaka.

Kabla sijasema neno, Somoe akaniambia amejaza fomu ya hisabati za ziada, ameandika Hapana, na ameshaikabidhi. Alisema akili yake imefika mwisho. Fomu zilikuwa ziondoke leo baada ya mapumziko.

Jana nilinyamaza siku nzima. Hilo pia naliandika.

Leo nilimngoja langoni nikamweleza yote. Alinisikiliza, maji yakimtiririka usoni.

“Kwa hiyo wiki nzima nimejiona mjinga kwa sababu ya katoni ya sabuni?”

“Kwa sababu yangu.”

“Afadhali ingekuwa katoni, shoga. Katoni haijui kama naumia.”

Alikamua ncha ya sketi yake, kisha akauliza, “Haya. Na fomu je?”

Mimi sijawahi kugonga mlango wa ofisi ya walimu. Hata nikitumwa chaki, namwomba mwenzangu aende.

Niligonga, Somoe nyuma yangu. Nilimweleza mwalimu wa hisabati kwa sauti ndogo hivi kwamba alinitaka nirudie, na mara ya pili walimu wote walisikia. Mmoja alicheka. Wa hisabati hakucheka. Alimgeukia Somoe akamuuliza nani alimfundisha kupunguza moja.

“Hakuna, Mwalimu. Niliichora miti nikaona.”

Akausogeza mrundo wa fomu ukingoni mwa meza. “Itafuteni wenyewe.”

Tukapiga magoti sakafuni, tukagawana mrundo nusu kwa nusu. Yake niliiona mimi. Nikampa, na kalamu yangu nikampa. Akakata Hapana kwa mstari mmoja, akaandika Ndiyo pembeni yake, akairudisha mezani kwa mikono miwili. Kisha tukaenda darasani. Tulikuwa tumechelewa.